Tende, aprikoti na mabuyu: kilimo hai kinaongeza nini kwenye tunda kavu?

Aprikoti ya kilimo hai haina sura. Ni kahawia iliyokaribia weusi, imejikunja kama ngozi ya kiatu kilichosahauliwa juani, na ukiitafuna inakudai meno. Iweke kando ya ile ya kawaida, yenye rangi ya chungwa, laini na nono, na mtu yeyote asiyeambiwa kitu atanyoosha mkono kwa ile ya pili. Lakini kwenye maduka ya vyakula vya afya kule Nyali, Mombasa, hiyo isiyo na sura ndiyo ghali, na huuzwa pamoja na maneno: ina vitamini zaidi, ina madini zaidi, inaongeza damu, inatia nguvu.

Wifi yangu ndiye aliyeleta maneno hayo nyumbani kwetu Majengo, wiki chache kabla ya Ramadhani. Alitaka tende, zabibu na aprikoti za futari zote ziwe za kilimo hai. Mamangu akauliza bei, akatajiwa, akanyamaza. Mamangu akinyamaza, kikao kimeisha. Ila mimi nilisomea sayansi ya chakula, na maswali ya aina hii kwetu hutupiwa mimi hata baada ya kikao kuisha: je, ni kweli? Zina lishe zaidi?

Nitasema ninachoamini mapema, ili asiye na muda aende zake. Nembo ya kilimo hai, yaani kilimo kisichotegemea mbolea na dawa za viwandani, ni habari ya shamba. Inakwambia mti ulilishwa nini na ulinyunyiziwa nini. Tunda likishachumwa ili likaushwe, huanza safari nyingine ya jua, moshi, mafuta, sukari, gunia na bohari, na huko ndiko sehemu kubwa ya lishe yake inakopotelea au kuokolewa. Mara nyingine nembo inasaidia huko. Mara nyingine, na hili ndilo lililomuudhi wifi yangu, ile ya kawaida inashinda.

Tuanze shambani, maana hapo hakuna mengi. Mwaka 2009 watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walipitia tafiti za nusu karne kwa niaba ya mamlaka ya chakula ya Uingereza, wakasema hawakuona tofauti ya lishe yenye uzito baina ya mazao ya kilimo hai na mengine. Mwaka 2012 kundi la Chuo Kikuu cha Stanford likafika karibu na hapo hapo. Kisha mwaka 2014 kundi lililoongozwa kutoka Newcastle likakusanya machapisho 343 na kuja na jibu tofauti kidogo: mazao ya kilimo hai yalikuwa na polifenoli zaidi, mabaki ya viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na magonjwa ya mimea, yalikutwa mara chache zaidi, na kadmiamu, madini mazito yenye sumu, ilikuwa pungufu. Hiyo kadmiamu, hata hivyo, ilikuwa hasa hadithi ya nafaka kuliko ya matunda.

Hizo polifenoli ndizo zinazotajwa kwenye pakiti kwa majina ya kutisha. Ni kemikali ambazo mmea hujitengenezea, nyingi kwa kujilinda, na kuna sababu ya kueleweka kwa nini kilimo hai kiziongeze. Mmea unaokula samadi na mboji hupata naitrojeni polepole, haukimbilii kunenepa, na hujishughulisha zaidi na kujilinda. Mfano ninaoupenda unatoka Chuo Kikuu cha California, Davis, ambako walilima nyanya kwa njia zote mbili kwa miaka kumi, wakawa wanakausha sampuli na kuzihifadhi. Walipozipima, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa nyanya za kilimo hai zilikuwa na kwasetini zaidi kwa asilimia 79 na kemferoli zaidi kwa asilimia 97, zote mbili zikiwa polifenoli. Hizo si tofauti za kupuuza.

Kwa hiyo wifi yangu hakuwa anaota. Tatizo ni kwamba tunda kavu halitoki shambani moja kwa moja hadi mdomoni.

Kukausha kwenyewe ni kuondoa maji. Zabibu mbichi ni maji kwa asilimia 80 hivi. Ikikauka yamebaki kama asilimia 15. Kila kisichoruka na maji hukusanyika. Chukua aprikoti: gramu 100 za mbichi zina potasiamu kama miligramu 259, na gramu 100 za kavu zina 1,162. Madini hayaungui wala hayapeperuki. Sasa tazama vitamini C kwenye tunda lilo hilo: mbichi ina kama miligramu 10, na ukikisia kwa hesabu ya potasiamu ungetarajia kavu iwe na arubaini na kitu. Ina miligramu 1. Joto, hewa na mwanga vimeimaliza. Hapo hakuna kilimo, hai au kisicho hai, kitakachoirudisha. Anayekula matunda makavu kwa ajili ya vitamini C, atafute pera au chungwa.

Sukari nayo haipeperuki. Tende ya Medjool, ile kubwa, ina sukari kama gramu 66 katika kila gramu 100. Punje moja yenye gramu 24 hukupa gramu 16 za sukari, yaani kama vijiko vinne vya chai. Ami yangu mwenye kisukari alikuwa ameshaanza kuzila tatu tatu kwa kuwa aliambiwa "hizi ni za asili, hazidhuru". Nyuzinyuzi zipo, karibu gramu 7 kwa gramu 100, na potasiamu nzuri tu, lakini nembo haipunguzi hata chembe ya sukari. Zabibu vile vile: karibu gramu 60 za sukari katika gramu 100, ziwe zimetoka shamba gani.

Sasa salfa, ambayo ndiyo kiini cha mambo.

Ile rangi nzuri ya aprikoti ya kawaida inatokana na gesi ya salfa, dioksidi ya salfa, inayopitishwa kwenye matunda kabla ya kukaushwa. Kwenye pakiti huandikwa E220, au ndugu zake hadi E228. Kanuni za kilimo hai za Marekani na za Ulaya haziiruhusu kwenye matunda makavu, ndiyo maana aprikoti ya kilimo hai inakuwa nyeusi. Tunda lililokatwa likikutana na hewa, kimeng'enya kilichomo ndani yake huzishika polifenoli na kuzigeuza kuwa rangi ya kahawia, vile vile ndizi au tufaha linavyofanya ukiliacha sahanini. Salfa hukizuia kimeng'enya hicho.

Soma tena sentensi hiyo ya polifenoli. Zile zile alizosifiwa mkulima wa kilimo hai kwa kuziongeza shambani ndizo zinazoliwa na ukahawia wakati wa kukausha. Zabibu za rangi ya dhahabu, ambazo hupitishwa kwenye salfa, zimepimwa na kukutwa na polifenoli nyingi kuliko zabibu nyeusi zilizoanikwa juani bila kitu. Aprikoti yenye salfa pia huhifadhi vizuri zaidi karotini, ile rangi ambayo mwili huigeuza vitamini A. Kwa hesabu ya polifenoli na karotini pekee, pakiti ya bei nafuu inaweza kuishinda ile ya Nyali. Nilipomwambia wifi yangu hivi alinitazama kana kwamba nimelipwa na kiwanda.

Salfa ina deni lake, hata hivyo. Huvunja vitamini B1, tayamini, na matunda yaliyopitishwa kwenye salfa hupoteza sehemu kubwa yake. Sililii sana hilo, kwa sababu hakuna anayetegemea aprikoti kwa tayamini. Maharagwe na nafaka zisizokobolewa zipo. Ninacholilia ni pumu. Mtoto wa dada yangu anayo, na Mombasa yenye unyevu na vumbi la magari ya bandarini tayari inamtesa. Miongoni mwa wenye pumu, kati ya asilimia 3 na 10, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, huguswa na salfaiti, yaani hiyo salfa na ndugu zake wa kwenye pakiti: kifua kinabana, wanakohoa, wengine wanafikishwa hospitali. Marekani ilipiga marufuku salfaiti kwenye matunda na mboga mbichi mwaka 1986 kwa sababu watu walikuwa wanazidiwa mikahawani baada ya kula saladi.

Piga hesabu ndogo. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, iliweka kikomo cha miligramu 0.7 za salfa hiyo kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 20 anapata nafasi ya miligramu 14. Kanuni za Ulaya zinaruhusu aprikoti kavu iwe na hadi miligramu 2,000 kwa kilo, yaani miligramu 2 kwa kila gramu. Aprikoti iliyofika kiwango hicho cha juu inamjazia mtoto huyo kikomo chake kwa gramu 7 tu, na gramu 7 ni kama aprikoti moja. Si kila pakiti inafika huko, lakini anayempa mtoto kiganja kizima ajue anacheza karibu na ukingo. Mwaka 2022 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya nayo ilionya kuwa wanaokula salfaiti nyingi wanaweza kuwa wanajidhuru.

Kwa hiyo kwa mtoto wa dada yangu nilikubaliana na wifi: aprikoti nyeusi, basi. Si kwa lishe. Kwa kifua.

Tende ni kesi nyingine kabisa, na bahati nzuri ndizo tunazokula zaidi. Mji huu umekula tende za ng'ambo tangu zamani. Majahazi kutoka Ghuba na Basra yalikuja na upepo wa Kaskazi yakiwa yamepakia tende, yakarudi na Kusi yakiwa yamejaa boriti. Tende hukaukia mtini kwa sehemu kubwa na kwa kawaida haihitaji salfa, kwani tayari ni kahawia, haina rangi ya kuokolewa. Tofauti ya lishe baina ya tende ya kilimo hai na ya kawaida naiona ndogo mno kuliko tofauti baina ya aina na aina, au baina ya tende ya msimu huu na iliyolala bohari.

Nilikwenda sokoni Marikiti nikamuuliza mzee mmoja ninayenunua kwake.

"Ami, hizi tende zina dawa?"

"Dawa gani mwanangu? Tende yenyewe ndiyo dawa."

"Za kunyunyiza, ami. Za wadudu."

Akacheka, kisha akafanya jambo la maana kuliko jibu. Akafungua masanduku mawili akayaweka karibu na mwanga. Za kwanza zilikuwa zinang'aa zote sawasawa, zimeshikana, vidole vikitoka na utando. "Hizi zimepakwa," akasema. "Wateja wengi wanapenda hizi." Za pili zilikuwa na ngozi kavu iliyokunjika, nyingine na unga mweupe wa sukari yake yenyewe iliyotokeza nje. Bei ilikuwa pungufu.

Kupakwa huko ni sirapu ya glukosi, au mafuta ya mimea kidogo, ili tende zing'ae na zisikauke. Hakumuui mtu, lakini kunaongeza sukari juu ya sukari, na hilo lasomeka kwenye orodha ya viungo ikiwa sanduku lina orodha. Zabibu pia hupakwa mafuta ili zisigandane. Na angalia maembe makavu ya pakiti: mengi yamechovywa kwenye sukari kabla ya kukaushwa, hata yale yenye nembo ya kilimo hai, maana sukari nayo ina kilimo hai chake.

Kuhusu dawa ya ghalani: tende na zabibu hufukizwa gesi ili kuua wadudu. Zamani ilikuwa methili bromidi, ambayo Mkataba wa Montreal uliifukuza kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2015, ingawa ufukizaji wa mizigo inayovuka mipaka uliachiwa mlango. Siku hizi gesi ya fosfini ni ya kawaida, na wa kilimo hai hutumia baridi kali au gesi ya kaboni dioksidi. Kwa vitamini na madini hakuna tofauti ya kutaja. Kwa mlaji tofauti inaweza kuwa mdudu mwenyewe. Mamangu hufungua kila tende kabla ya kuila, iwe ya Madina au ya Tunisia, na sioni sababu ya kumwachisha.

Kuna hatari moja ambayo nembo haiigusi, na mji wetu unaijua kwa ngozi: unyevu. Tini kavu zinajulikana kwa aflatoksini, na zabibu kwa okratoksini, sumu za ukungu ambazo huingia tunda likichelewa kukauka au likihifadhiwa vibaya. Ukungu hausomi vyeti. Kenya tuna sababu ya kuogopa: mwaka 2004, mahindi yenye aflatoksini yaliwagonjesha watu 317 upande wa Ukambani, na 125 kati yao wakafariki. Tunda kavu halijafanya hayo, lakini kanuni ni ile ile, na gunia lililofunguliwa kwenye joto la Mombasa mwezi wa Aprili hunywa maji kutoka hewani. Tini yenye harufu ya vumbi au doa jeusi ndani, itupe, hata kama ulilipa bei ya Nyali. Zinazobaki zitie kwenye chupa yenye kifuniko, uziweke friji.

Basi viuatilifu? Hapo ndipo naiona nembo ikifanya kazi yake halisi. Kile kisichopeperuka hukusanyika, na hilo linahusu dawa kama linavyohusu potasiamu. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya chakula, vya Codex, vinaitenga zabibu kavu na zabibu mbichi, na kwa dawa kadhaa kikomo cha kavu kimewekwa juu zaidi. Mabaki hayo mara nyingi yako chini ya kikomo, na siwezi kukwambia kwamba zabibu za kawaida zitakuua. Lakini kama pesa ipo na unataka kupunguza, zabibu ni mahali pa maana pa kuanzia, kuliko tende.

Na fikiria anayenyunyiza pia, si anayekula tu. Nzi wa matunda aliyetoka Asia aligunduliwa pwani yetu mwaka 2003, na tangu hapo kilimo cha maembe kimekuwa vita. Ukiwahi kumwona kijana na pampu mgongoni, bila glavu wala barakoa, akipuliza juu ya kichwa chake mwenyewe, utaelewa kwamba swali la kilimo hai si la vitamini tu.

Jambo linalonichekesha ni kwamba tunda kavu la asili kuliko yote limejaa mjini na halina nembo yoyote. Buyu hukaukia mtini, ndani ya ganda lake. Hakuna anayeutilia mbuyu mbolea, hakuna anayeunyunyizia kitu. Unga wake mweupe una vitamini C nyingi. Vipimo hutofautiana sana, lakini miligramu 150 hadi 300 kwa gramu 100 hutajwa mara nyingi, wakati chungwa lina kama 53. Una nyuzinyuzi, una kalsiamu. Ulaya iliuruhusu kama chakula kipya mwaka 2008, na sasa unauzwa huko kwa mkebe. Sisi tunauchukua, tunauchemsha kwenye sukari, tunautia rangi nyekundu inayobaki ulimini hadi kesho yake, tunautia pilipili na iliki, tunauuza kwa pakiti nje ya shule. Nayapenda mabuyu hayo, nisidanganye. Lakini usiyahesabu kuwa lishe.

Afrika Mashariki tuna kiwango chetu cha kilimo hai tangu mwaka 2007, pamoja na nembo yake, Kilimohai. Sokoni Kongowea sijaiona nembo hiyo juu ya kikapu cha buyu, na sidhani mwuzaji ana haja nayo. Mabuyu meupe, yasiyopikwa, yanapatikana. Unayaloweka kwenye maji, unayavuruga, unachuja kokwa. Maji yawe ya baridi, maana ya moto yataichukua ile vitamini C.

Mwisho wa yote Ramadhani ile tulikula tende zisizong'aa za yule mzee, zabibu tulizozioshea maji, na pakiti moja ya aprikoti nyeusi ambayo wifi aliinunua mwenyewe na kumwekea mtoto wa dada yangu. Kisha mamangu akauliza swali ambalo hakuna duka litakalolijibu: uani kuna mwembe ngowe ambao haujawahi kuonja dawa, nusu ya maembe yanaoza chini kila msimu, kwa nini tusikaushe yetu?

Tunaweza. Kata vipande vyembamba, vichovye kwenye maji ya ndimu ili visiwe vyeusi, viweke kwenye wavu ulioinuliwa, ufunike kwa kitambaa cheusi chepesi kinachopitisha hewa, kwa sababu jua kali la moja kwa moja hula karotini na nzi hula vilivyobaki. Kaskazi ya Januari inafaa, upepo upo na mvua haba. Usiku viingize ndani, vinginevyo umande unarudisha maji yote. Viko tayari vikipindika bila kuvunjika na visipotoa maji ukivibana. Masika yakishaanza usijaribu. Maembe ya wakati huo tia chumvi na pilipili, ufanye achari.